Somo la Ulemavu: Nani Anasoma, Nani Anasomwa?



Haya ni maneno niliyozungumza na wanafunzi wa vyuo juma lililopita. Waliofika walikuwa wengi alhamdulillah, lakini wawili kati yao ni viziwi na siku ile hatukuwa na mkalimani. Walikaa saa nzima wakinitazama mdomo. Mmoja aliniandikia baadaye kwenye simu: "Mwalimu, nimeona umechekesha watu mara tatu. Ulisema nini?" Kwa hivyo nimeyaandika yote, na vichekesho vyake, na wewe ambaye hukufika utayapata humu humu.

Nilianza na kisa changu.

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nasoma ualimu, upande wa elimu maalumu. Siku moja mhadhiri aliugawa ubao mara tatu. Kushoto aliandika aina ya ulemavu, katikati chanzo chake, kulia hatua za kuchukua. Alipofika kwenye polio akalitazama darasa, macho yake yakanikuta. Akasema, "Hebu tusaidie. Simama, tembea mpaka mlangoni, halafu urudi."

Nikasimama. Darasa lile lilikuwa na watu zaidi ya sitini. Gongo langu lilikuwa limeisha mpira wa chini, na sakafu ni ya simiti, kwa hivyo kila hatua ilikuwa na sauti yake. Nikafika mlangoni, nikageuka, nikarudi. Wenzangu walikuwa wakiandika. Nilipoketi nami nikachukua kalamu, nikainakili kwenye daftari orodha ya dalili za mguu wangu mwenyewe, ili nisije nikaanguka mtihani.

Nataka uelewe kwamba yule bwana hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeniandikia barua nikapata basari. Alikuwa anafundisha vile alivyofundishwa. Katika somo lile, mtu mwenye ulemavu ana nafasi moja tu, mbele ya darasa, kama mchoro wa moyo unaotundikwa ukutani. Anayesoma ni mwingine.

Ilinichukua miaka kujua kwamba kuna vyuo duniani ambako somo hili hili limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Huko, mwenye gongo ndiye anayeshika chaki.

Tuanze na mtu wa bara letu, kwa sababu ukisikia "Taaluma ya Ulemavu" utadhani ni jambo la Wazungu tu wenye pesa na lifti. Vic Finkelstein alizaliwa Johannesburg mwaka 1938. Akiwa kijana wa shule alivunjika shingo kwenye mchezo wa kuruka kwa fimbo, tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Akaingia katika harakati za kupinga ubaguzi wa rangi wa makaburu, akafungwa jela, akatoka na amri ya serikali ya kumpiga marufuku: asiende hapa, asikutane na hawa. Mwaka 1968 akakimbilia Uingereza kama mkimbizi.

Sasa ifikirie hiyo amri. Serikali inamwambia mtu wa kiti cha magurudumu asiingie mahali fulani, na mahali penyewe hawezi kuingia toka zamani, kwa sababu pana ngazi! Mtu mweusi anazuiwa mlangoni na sheria, yeye anazuiwa na vipandio vinne vya simiti. Na hakuna hata mmoja kati yao anayezuiwa na mwili wake. Kilichomzuia mtu mweusi kuingia benchi la mbugani hakikuwa ngozi yake, kilikuwa kibao kilichopigiliwa misumari na watu. Kibao kiling'olewa. Je, ngazi?

Finkelstein na wenzake walikuwa na umoja wao Uingereza, na mwaka 1976 umoja huo ulitoa kijitabu chenye hoja hiyo. Walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvisema kwa pumzi moja. Kuna hali ya mwili: mguu, jicho, sikio. Na kuna kulemazwa, ambako hufanywa na jamii: mlango mwembamba, mwajiri anayekutazama mara moja tu, shule isiyo na Braille. Finkelstein huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliofundisha kozi ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza iliyoanza mwaka 1975, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa taaluma hii. Mwenzake Mike Oliver, naye wa kiti cha magurudumu, akaipa hoja ile jina, mtazamo wa kijamii wa ulemavu, na akaja kuwa profesa wa kwanza wa Taaluma ya Ulemavu nchini humo.

Yaani swali limehamishwa. Daktari anauliza, huu mguu una nini? Taaluma hii inauliza, ngazi hii aliijenga nani, na alipokuwa akiijenga alidhani nani hatakuja?

Marekani walifika kwa njia nyingine. Mwaka 1962 Ed Roberts aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Polio ilimlemaza karibu mwili mzima akiwa na miaka kumi na minne, na usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma ya kumsaidia kupumua. Hakukuwa na bweni la kuibeba mashine hiyo, basi akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Mwanafunzi analala wodini, asubuhi anakwenda darasani! Wakaja wengine kama yeye, wakawa kundi katika ile wodi, na kundi likaanza kudai. Mwaka 1972 wakafungua kituo chao nje ya chuo, kinachoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe.

Halafu yuko Paul Longmore, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Alikuwa mwanahistoria. Polio pia, alipumua kwa mashine, na alichapa maandishi kwa kalamu aliyoishika kwa meno. Ilimchukua kama miaka kumi kuandika kitabu kuhusu George Washington. Kitabu kilipotoka, akagundua kwamba akipokea malipo yake ya uandishi, sheria za msaada wa serikali zitamkatia pesa za wasaidizi na mashine, vitu vinavyomweka hai. Ukifanya kazi, unapoteza pumzi. Basi Oktoba 1988 akaenda mbele ya jengo la serikali mjini Los Angeles, akakichukua kitabu chake mwenyewe, akakitia moto.

Baadaye sheria ile ya malipo ya waandishi ilibadilishwa. Longmore aliendelea kufundisha San Francisco, na mwaka 1996 akaanzisha huko taasisi ya ulemavu ndani ya chuo. Syracuse walikuwa wameanza programu yao mwaka 1994, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kikaanza shahada ya uzamivu katika taaluma hii. Unaweza kuitwa daktari wa ulemavu bila kumgusa mgonjwa hata mmoja.

Sasa hapa makomredi wengine waliniuliza: sawa mwalimu, haki tumeelewa, ngazi tumeelewa. Lakini "utambulisho"? "Utamaduni"? Kuna utamaduni gani kwenye kutoona?

Ni swali zuri, na viziwi ndio wenye jibu la wazi zaidi.

Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Kiingereza, William Stokoe, alichapisha uchunguzi wake juu ya ishara walizotumia wanafunzi wake katika chuo cha Gallaudet, Washington. Watu walidhani ni maigizo ya mikono, Kiingereza kilichovunjika. Stokoe, ambaye alikuwa anasikia, akaonyesha kwamba ni lugha kamili, ina sehemu zake ndogo ndogo na kanuni zake, kama Kiswahili kilivyo na ngeli. Mwanzoni hata wenzake chuoni walimcheka. Lakini fikiria maana yake. Kama ishara ni lugha, basi wanaoitumia ni jamii ya lugha, kama Wabajuni, kama Wapokomo. Wana mizaha yao, hadithi zao, majina wanayopeana, adabu ya kumwita mtu kwa kumgusa bega au kupungia mkono. Mtoto wao anazaliwa ndani ya kitu.

Na chuo hicho hicho, mwaka 1988, kilimaliza ubishi. Gallaudet ilipata hati yake mwaka 1864, ikatiwa saini na Rais Abraham Lincoln. Miaka 124 ikapita, chuo cha viziwi hakijawahi kuongozwa na kiziwi. Machi 1988 bodi ilikuwa na watu watatu wa kuchagua, wawili wao viziwi. Ikamchagua yule anayesikia. Wanafunzi wakafunga malango, wakaandamana mpaka Bunge la nchi, na kwa juma zima chuo hakikufunguka. Madai yao yalikuwa manne: rais kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe wengi ndani ya bodi, na asiadhibiwe mtu kwa kugoma. Wakayapata yote manne. I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho.

Ninyi mnaojua migomo ya vyuo vyetu mtanielewa. Ni nadra mgomo kushinda manne kwa manne.

Turudi nyumbani, kwenye lugha yetu wenyewe. Umewahi kutazama kwamba mtu ni m-tu, lakini asipoona anakuwa ki-pofu, asiposikia ki-ziwi, akichechemea ki-wete? Ki kama kiti, kijiko, kiatu. Nilipolitambua hilo nilikasirika juma zima. Halafu mzee wangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, akanikalisha chini: "Mwanangu, na kijana? Na kiongozi? Nao ni vitu?" Nikanyamaza. Lugha haina hatia nyepesi namna hiyo. Lakini nayo haikosi la kujibu, maana neno "kilema" hutumika kwa mtu na pia kwa kasoro, na kuna majina tumeitwa toka utotoni ambayo sitayaandika hapa.

Tazama sasa walivyofanya viziwi. Wenzetu wa Tanzania wana chama chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Hawakuandika "watu wenye changamoto za usikivu". Waliandika viziwi, wakaliweka neno hilo mlangoni kwa herufi kubwa. Wanachokataa ni "bubu", kwa sababu wao wana lugha, sisi ndio tusioijua. Mimi kwa upande wangu napenda "mtu mwenye ulemavu". Wewe unaweza kutaka lingine. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Jina limeingia katiba! Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "haya mambo ya majina ni ya kujidai tu", mwoneshe kifungu.

Na sisi Waislamu, je? Hapa nilitaka kukaa kidogo, kwa sababu naona tunaikubali haraka mno habari kwamba fikra hizi zimeletwa na ndege.

Kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, nyote mnakijua. Tumekisikia kwenye khutba mpaka tumekihifadhi, Surat Abasa, muadhini, aliyeachiwa Madina aisimamie. Halafu khutba ikiisha, msikiti wenyewe una vipandio sita na choo ambacho kiti cha magurudumu hakigeuki. Basi kisa hicho nitakiacha.

Nataka ufungue Sahih Bukhari, utazame majina ya wapokezi. Utakutana mara nyingi na "kutoka kwa al-A'raj, kutoka kwa Abu Hurayra". Al-A'raj maana yake ni mchechemeaji. Jina lake ni Abdurrahman bin Hurmuz, lakini umma umembeba karne kumi na tatu kwa jina la mguu wake. Utakutana na al-A'mash wa Kufa, mtu wa macho dhaifu.  Hakuna aliyeona kwamba jina hilo linaiteremsha hadithi daraja. Kilichotazamwa ni ukweli wake na hifadhi yake, na mguu ukabaki katika jina kama vile mwingine anavyoitwa al-Bukhari kwa mji wake.

Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 868, aliandika kitabu kizima kuhusu watu wenye mabaka ya ngozi, wachechemeaji, vipofu na makengeza. Amekusanya humo habari zao na mashairi, na wapo ndani yake waliojifakhiri kwa miili yao. Naye mwenyewe, hilo jina al-Jahiz ni la macho yake yaliyotokeza. Miaka mia tano baadaye as-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, akatunga kamusi ya wasifu wa vipofu mashuhuri peke yao. Kitabu cha kuwakusanya watu kwa hali yao, kuhifadhi elimu yao na werevu wao! Leo wangeita hiyo ni historia ya ulemavu na wangeipatia ofisi chuoni.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Matusi yalikuwepo, na jina la mwili linaweza kuwa heshima kwenye isnadi na kejeli sokoni. Ninachosema ni kwamba tuna rafu nzima ya vitabu, na hatujaipangusa vumbi.

Na kwenye chuo kikuu hasa? Misri, mwaka 1902, kijana kipofu aliingia al-Azhar. Jina lake Taha Hussein. Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa mwaka 1908 akajiunga, na mwaka 1914 akawa mtu wa kwanza kupata udaktari hapo. Aliandika juu ya nani? Abul Ala al-Ma'arri, mshairi wa Sham aliyepofuka utotoni. Kipofu akamsoma kipofu. Baadaye, kati ya 1950 na 1952, akawa waziri wa elimu. Najua masheikh wengi hawakukubaliana naye katika mambo mengine, na hilo ni darasa la siku nyingine. Mimi namtazama yule mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu, anayechagua mada. Hakuna aliyemsimamisha atembee mpaka mlangoni.

Nilipofika hapa, binti mmoja akainua mkono. Ana ugonjwa wa selimundu. Akasema, "Mwalimu, mimi nikishikwa na maumivu usiku sitaki utamaduni. Nataka yaishe." Ukumbi ukanyamaza.

Nilimjibu vile ninavyokujibu wewe. Mguu wangu huuma. Nilipokuwa nasoma bara, kwenye baridi, kuna asubuhi nilikuwa nalia kabla ya kuvaa kiatu. Simsherehekei huyo baridi wala sisherehekei mfupa. Wako wasomi ndani ya taaluma hii, wengi wao wanawake, waliowakosoa akina Oliver kwa hilo hilo: mmeongea sana juu ya ngazi mpaka mmesahau kwamba mwili wenyewe wakati mwingine unauma. Walisema kweli. Naomba dua ya shifaa kila siku. Shangazi yangu aliwahi kuniuliza, "Kwani ukijisifu na hali yako si ni kama kukataa kupona?" Hapana. Naomba mguu usiume, na wakati huo huo nakataa kuionea aya maisha niliyoishi juu yake. Allah akiniponya kesho, miaka yangu arubaini ya gongo itabaki kuwa yangu. Nimejifunza nayo mambo. Najua kila sakafu ya mji huu inavyoteleza mvua ikinyesha. Najua sura ya mtu kabla hajaniuliza swali.

Nilisema pia kwamba vitabu vya Berkeley havitutoshi. Wao neno lao kubwa ni kujitegemea: kuishi peke yako, na msaidizi unayemlipa mwenyewe. Mimi nilibebwa mgongoni na mamangu mpaka darasa la tatu, nikaogeshwa na nyanya, nikasindikizwa madrasa na watoto wa jirani waliogombania kunibebea juzuu. Je, hiyo ilikuwa ni kunilemaza? Siku nyingine ndiyo, maana hakuna aliyeniuliza nataka kwenda wapi. Siku nyingine ilikuwa ndiyo mapenzi yenyewe. Hakuna profesa wa Chicago atakayetuandikia hilo. Na hakuna atakayeandika juu ya watoto viziwi wa vijiji vyetu, waliotunga ishara za nyumbani na ndugu zao kabla hawajaona shule. Wala juu ya mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, ambako wengi wetu ndiko tunakowaona watu wenye ulemavu, wameketi nje, sahani mbele. Mtoto mwenye ulemavu anapita pale na babake, anaona watu wanaofanana naye wako upande gani wa mlango. Tayari ameshafundishwa utambulisho wake.

Mimi mwenyewe, nikiwa na digrii yangu, nimesimama stendi nangojea matatu, mama mmoja akanitia shilingi ishirini mkononi, akaenda zake akiniombea. Nilizitazama. Nikampa makanga, ikawa nauli yangu imepungua. (Hapo ndipo watu walipocheka mara ya kwanza, ndugu yangu uliyeuliza.)

Kwetu hapa Kenya si kwamba tunaanzia sufuri. Katiba, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 30 kwamba utambulisho wa kiutamaduni na wa kilugha wa watu wenye ulemavu utambuliwe na kuungwa mkono, na unataja lugha za ishara na utamaduni wa viziwi kwa jina. Mwaka 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya 2003. Lakini tembea vitivo vya vyuo, tafuta ulemavu unafundishwa wapi. Mara nyingi utaupata kwenye elimu maalumu, udaktari, ustawi wa jamii. Nenda historia, nenda fasihi, nenda masomo ya Kiislamu, utafute hata yuniti moja.

Basi wewe uliye chuoni, mwenye ulemavu au usiye nao, haya ndiyo niliyowaomba wale wa ukumbini. Mradi wako wa mwaka wa mwisho unahitaji mada. Unasoma historia? Kaa na wazee vipofu wanaohifadhi Qur'ani, uandike walifundishwaje na nani. Unasoma Kiswahili? Hesabu wahusika wenye ulemavu katika riwaya ulizotahiniwa, uone ni wangapi wanafika ukurasa wa mwisho wakiwa hai na bila kuponywa. Unasoma sheria? Kifungu cha 54 kiko pale. Unasoma Kiarabu? As-Safadi anakungoja, na kwa Kiswahili sijakutana na tafsiri yake. Unasoma uhandisi wa majengo? Wewe tutaongea peke yetu.

Na ukienda kumhoji mtu, usimsimamishe atembee. Muulize anataka kuandikwa kwa jina gani. Umrudishie kazi yako aisome, au asomewe, kabla haijafungwa jalada. Kama ana jambo la kukukosoa, liandike ndani.

Kwa wenye ulemavu wanaojificha, maana nawajua mpo, mnaoketi viti vya nyuma na kuvaa mikono mirefu, mnaosema "naona vizuri tu" na ubao hamuuoni: sikulazimishi kujitangaza. Mimi mwenyewe ilinichukua mpaka miaka ishirini na saba kununua gongo jipya la rangi, kwa sababu la zamani lilikuwa la kahawia na nilidhani halionekani.

Mkutano ujao utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya Asr, katika chumba cha chini. Huu wa juu una vipandio kumi na vinne, nimevihesabu nikipanda na nikishuka. Mkalimani ameshapatikana, na nusu saa ya mwanzo wale ndugu wawili watatufundisha ishara za salamu, majina na namba. Watakaofika wamechelewa watajikuta hawajui jina la mtu yeyote mle ndani.